Kisu cha kukunja kisicho na loki: nichague kipi, na nikitumieje?

Mtunza_Stoo

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa visu.

Kazi yangu ni stoo. Kutwa nakata tepu za maboksi, kamba za nailoni na ile mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo, na mara mojamoja nachonga penseli nene ya kuandikia kwenye mbao. Mpaka sasa natumia kisu cha plastiki chenye wembe wa kusukuma, ule unaovunjwa kipande ncha ikichoka. Kinakata, sikatai, lakini wembe unayumba nikikutana na kitu kigumu, na vile vipande vilivyovunjwa havina pa kutupwa bila kuhatarisha mkono wa anayebeba taka. Nataka kisu kimoja nitakachokinoa mwenyewe na kukaa nacho miaka.

Nimevutiwa na visu vya kukunja vya muundo wa zamani: mpini wa mfupa au mbao, vichwa vya chuma mwishoni mwa mpini, bapa linafunguliwa kwa ukucha, na kinacholishikilia ni springi ya mgongoni peke yake, hakuna loki. Tatizo ni kwamba mitindo ni mingi kupita kiasi. Kuna vya bapa moja, vya mawili, vya matatu. Vingine ni chuma cha pua, vingine chuma cha kaboni. Na wenzangu kazini wananiambia kisu kisicho na loki kitanifungia vidole siku moja.

Nikikishika mkononi, nitajuaje kwamba kimetengenezwa vizuri? Ni kweli kwamba bila loki ni hatari? Na mabapa matatu yana faida gani kwa mtu kama mimi? Niongeze kwamba natumia mkono wa kushoto, na kucha zangu nazikata fupi sana.

MamaKitalu

Karibu mwanangu. Umeuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mimi napandikiza miti ya matunda kitaluni. Kisu cha kukunja kinaingia na kutoka mfukoni mwangu mchana kutwa: kikonyo kinakatwa mshazari, gome linafunguliwa, kamba ya kufungia inakatwa, bapa linafutwa, kisu kinakunjwa. Kwa kazi hiyo sijawahi kutamani loki. Sababu nitaieleza, ila tuanze na swali lako la kwanza.

Kabla hujavutiwa na mpini, chunguza springi. Chukua kisu kikiwa kimekunjwa, pitisha kidole gumba mgongoni. Springi ni ule ukanda wa chuma uliolala kati ya kuta mbili za mpini. Inatakiwa iwe sawa na kuta hizo, isichomoze wala isizame. Fungua bapa mpaka mwisho, pitisha kidole tena. Ikiwa bado iko sawa, umeshika kazi ya mtu aliyekuwa na subira, maana kuilaza springi sawasawa kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa ni kazi ya tupa na jicho, na anayeharakisha hujulikana hapo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kitako cha bapa, yaani sehemu inayozunguka kwenye pini, kina nyuso zilizosawazishwa. Kisu kikiwa kimefungwa springi inakandamiza uso mmoja, kikiwa wazi inakandamiza mwingine. Kati ya nyuso hizo kuna kona, na kona hiyo ndiyo inayoinua springi unapolivuta bapa. Ukishaivuka, springi inashuka kwa nguvu na kulivuta bapa mahali pake, unasikia "tak". Mlio huo usikike kwenda na kurudi. Bapa linalofika mwisho kwa kujikokota lina springi dhaifu, au kitako chake hakikuchongwa vizuri, na hakuna mafuta yatakayolitibu.

Baadhi ya visu vina uso wa tatu, kwa hiyo bapa hutulia likiwa nusu, limesimama wima juu ya mpini. Anayeanza namshauri achukue hicho. Wakati wa kufunga unapata kituo: unalisogeza bapa mpaka nusu, unaangalia vidole viko wapi, ndipo unamalizia. Vyenye kitako cha mviringo hufunga kwa mwendo mmoja laini, na ni vizuri sana, ila vinataka mkono uliokwisha kuzoea.

Sasa shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa vidole viwili vya mkono wa pili. Litikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kwenye kisu cha mabapa mengi, mchezo mdogo sana wa upande kwa upande unavumilika. Wa juu na chini sikubali kwenye kisu kipya. Kikunje ukiinue kwenye mwanga: usione mwanga kati ya springi na kuta, na bapa lisiwe linasugua ukuta wowote. Halafu gusa kona zote za mpini kwa kiganja. Kona kali utaisahau siku ya kwanza, lakini baada ya saa nzima ya kukata mikanda ya plastiki itakuchubua.

Jambo moja ambalo wengi hulisifia na mimi silisifii ni springi ngumu kupita kiasi. Kisu kinachokuvunja ukucha kila ukikifungua utakiacha nyumbani, na kisu cha nyumbani hakikati boksi la stoo. Springi iwe na nguvu ya kulituliza bapa, na bapa lifunguke bila wewe kukunja uso. Kwako wewe mwenye kucha fupi hili ni sharti.

Na hapo tunafika kwenye mkono wa kushoto. Kile kijishimo cha kutilia ukucha kwa kawaida kipo upande mmoja tu wa bapa, upande unaomfaa anayevuta kwa mkono wa kulia. Usihangaike nacho. Tafuta kisu ambacho bapa likiwa limekunjwa bado limechomoza vya kutosha, ulibane kwa gumba na kidole cha shahada. Mtindo wanaouita sodbuster mara nyingi uko hivyo: bapa moja pana, mpini mnene uliopinda kidogo, hauna vichwa vya chuma, hauna mapambo. Vingine vimekatwa pengo la nusu duara kwenye mpini ili vidole viwili vilifikie bapa. Chochote kati ya hivyo utakifungua kwa mkono wowote, hata ukiwa umevaa glovu nyembamba.

Mabapa matatu: mtindo maarufu zaidi hapo ni stockman, kisu cha wafugaji. Bapa refu lenye ncha kali ni la kazi za kila siku, la pili lina makali yaliyonyooka na mgongo unaoinama mpaka kwenye ncha, la tatu lina ncha butu na lilikusudiwa kuhasi mifugo. Kwa mfugaji kila moja lina siku yake. Kwa stoo, unabeba mabapa mawili yanayokaa tu, na migongo yao inakubana kiganjani unapokata kwa nguvu. Ningekuwa wewe ningechukua bapa moja. Na kama utalipata lenye umbo la lile la pili, makali yaliyonyooka na ncha iliyoshuka chini, lichukue bila kufikiri mara mbili. Linapita kwenye tepu bila ncha kuzama ndani ya boksi na kuchana mali ya watu.

Sasa loki. Fikiria nguvu inakwenda wapi. Unapokata, kitu unachokikata kinasukuma makali, na msukumo huo unalipeleka bapa upande wa kufunguka, ambako tayari limefika mwisho na limeegemea chuma. Kadiri unavyokaza, ndivyo linavyozidi kutulia. Bapa linafunga pale tu mgongo wake unaposukumwa. Mgongo unasukumwa lini? Unapochoma kwa ncha, unapobinua kitu kama kwa bisibisi, na unapolichomoa bapa lililokwama. Hilo la tatu ndilo la kuliangalia kuliko yote, kwa sababu watu hawalifikirii. Bapa limezama kwenye plastiki nene, mtu analitingisha juu na chini ili litoke. Akiinua mpini huku bapa limebanwa, anakifunga kisu kwa mkono wake mwenyewe, na vidole viko njiani. Bapa likikwama, acha mpini, shika bapa lenyewe kwa pande zake mbili, lirudishe njia lilikopitia.

Kwenye ile mikanda ya mizigo, tumia makali yaliyo karibu na mpini, ambako nguvu ni kubwa na bapa haliyumbi. Weka ukanda pale, vuta kisu kuelekea ncha, na simama kando, kwa sababu ukanda uliokazwa hurukia uso ukikatika. Ukitaka kufunga, shika mpini kwa pembeni, vidole visipite kwenye ule mfereji wa bapa, kisha sukuma mgongo kwa kiganja cha mkono wa pili. Kumpa mtu kisu, mpe kikiwa kimekunjwa.

FundiMbao

Shikamoo Mama Kitalu. Naheshimu ulichoandika, lakini mimi kwenye useremala nimebaki na kisu chenye loki na sitarudi nyuma. Kuna wakati nahitaji kutoboa ngozi, kuanzisha tundu la skrubu au kukwangua gundi iliyokauka kwenye kona, na hapo ncha inabeba nguvu yote. Springi peke yake siiamini. Nimeona pia watu wanatumia Opinel, ile ya pete ya kuzungusha, wakidhani ni kundi moja na hivi visu vyenu. Ile haina springi kabisa. Bapa linashikwa na mbao kulibana, na pete ya kulizuia iliongezwa mwaka 1955 kwa sababu watu walihitaji uhakika zaidi. Kama wale wa Savoie, kule Ufaransa inakotengenezwa, waliona haja ya kizuizi, kwa nini huyu kijana ajinyime?

MamaKitalu

Marahaba Fundi. Kwa kazi ulizozitaja uko sahihi kabisa, na kama kijana angesema kazi yake ni kutoboa, ningemwelekeza kwako. Lakini kazi zote alizozitaja ni za kuvuta makali: tepu, kamba, mikanda, penseli. Na kutoboa kuna kifaa chake. Kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1891 kilikuwa na kitobozi pembeni ya bapa, pamoja na bisibisi na kifungua makopo, ili bapa lisilazimishwe kufanya yasiyokuwa yake. Mwaka 1897 Karl Elsener, mwanzilishi wa kampuni ya Victorinox, akasajili kile cha maofisa, chepesi zaidi, vifaa 6 vikishikwa na springi 2 tu. Mpaka leo visu vya Victorinox vya milimita 91 bapa lake kubwa halina loki, na vimo mikononi mwa mafundi duniani kote.

Kingine, Fundi, na hili nalisema kwa moyo wangu wote: loki huwapa baadhi ya watu ujasiri wa kubinua na kuchoma kwa kisu, mpaka bapa linavunjika ncha au loki yenyewe inateleza. Nikimfundisha mtu kupandikiza huanza naye na kisu kisicho na loki, kwa sababu kinamfanya aelekeze nguvu inakotakiwa tangu siku ya kwanza. Akizoea hivyo, hata kisu chenye loki atakitumia vizuri.

FundiMbao

Hapo kwenye kufundisha nimekuelewa. Kitobozi ninacho, ila kiko kwenye boksi la vifaa wakati kisu kiko mfukoni, na ndiyo sababu yangu. Tukubaliane kwamba kazi ndiyo inayochagua.

Abiria_Mwepesi

Niongeze upande wa sheria, kwa sababu loki ina maana kubwa huko kuliko watu wanavyodhani.

Uingereza, Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988, kifungu cha 139, inaruhusu kubeba hadharani kisu cha kukunja cha mfukoni bila kutoa sababu, ilimradi makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mahakama zimeamua kwamba kisu chenye loki hakihesabiwi kuwa cha kukunja kwa maana ya kifungu hicho, kwa hiyo anayekibeba lazima awe na sababu ya msingi, hata kama bapa ni fupi. Ujerumani nayo imewawekea masharti makali wanaobeba hadharani visu vinavyofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga kwa loki. Kisu cha ukucha na springi chenye makali yasiyozidi kipimo hicho kinakwepa vyote viwili, ingawa yapo maeneo na mikusanyiko ambako kisu chochote hakiruhusiwi. Kabla ya kuvuka mpaka soma sheria ya unakokwenda, na kazini muulize msimamizi wako.

Kwenye ndege, weka kwenye mzigo unaopakiwa chini. Marekani, mamlaka ya usalama wa usafiri ilitangaza Machi 2013 kwamba itaruhusu visu vidogo vya bapa lisilozidi sentimita 6 ndani ya ndege, visivyo na loki, lakini wahudumu wa ndege walipinga vikali na Juni mwaka huohuo mpango ukafutwa. Bado nakutana na watu wanaoikumbuka habari ya kwanza na hawajui ya pili, halafu wanaacha kisu cha thamani kwenye meza ya ukaguzi.

Mtunza_Stoo

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Mama, nimeshika visu vinne leo na kupitisha kidole mgongoni kama ulivyosema. Kimoja springi ilikuwa imechomoza waziwazi kikiwa wazi, nisingeiona kwa macho. Nimebakiza viwili, vyote vya bapa moja na vyote navifungua kwa kubana vidole. Tofauti ni chuma: kimoja cha pua, kingine cha kaboni. Muuzaji anasema cha kaboni kinanoleka zaidi lakini kinashika kutu. Stoo yetu ina joto na jasho ni la kutwa. Na kunoa sijawahi, naomba unielekeze toka mwanzo.

MamaKitalu

Kwa jasho la kutwa, chukua cha pua. Mimi natumia cha kaboni kwa sababu napenda kinavyoingia kwenye jiwe na kutoka na makali membamba haraka, na niko tayari kukifuta kila baada ya mkato. Lakini kisu kinachokaa mfukoni kimelowa jasho, kikisubiri maboksi, hakipati huduma hiyo. Chuma huitwa cha pua kikiwa na kromiamu ya angalau asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hujijengea utando mwembamba unaozuia kutu. Hakuna chuma kisichoweza kupata kutu kabisa, ila hicho kitakusamehe. Muuzaji amesema kweli kwamba cha kaboni hunoleka kwa wepesi, lakini chuma cha pua cha visu vingi vya aina hii hakikuundwa kuwa kigumu mno. Victorinox, kwa mfano, hukikomesha kwenye ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, na jiwe la kawaida linakiweza vizuri.

Ukija siku moja kununua cha kaboni, usiogope kikibadilika rangi. Kikikata limau au utomvu kitageuka kijivu, mara kina buluu ndani yake. Rangi hiyo ni ngozi yake, iache. Ile nyekundu inayochafua kidole ndiyo kutu, hiyo iondoe mara moja kwa kitambaa na mafuta.

Kunoa. Pata jiwe moja la namba 1000. Likiwa la pande mbili, 400 upande mmoja na 1000 upande wa pili, ni bora zaidi, lakini ule wa 400 ni wa makali yaliyopigwa pengo, usiuguse bila sababu. Jiwe la maji liloweke kama mtengenezaji alivyoelekeza, na liweke juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze.

Kinachowashinda wengi ni pembe. Kwa kisu cha mfukoni lenga nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Usikisie. Bapa likiwa na upana wa milimita 15 toka makali hadi mgongo, inua mgongo milimita 4 juu ya jiwe, umepata nyuzi 15 karibu kabisa. Kata kipande cha kadibodi cha unene huo ukiweke karibu, upime kabla ya kuanza na katikati ya kazi. Kisha paka makali wino wa kalamu nene. Sugua mara chache, angalia. Wino ukitoka juu tu na kubaki kwenye ukingo, umelaza mno. Ukitoka ukingoni tu na kubaki juu, umeinua mno. Rekebisha mpaka utoke wote. Wino utakufundisha kwa jioni moja kuliko maneno yangu yote.

Sugua upande mmoja, toka mwanzo wa makali mpaka ncha, bila kubadilisha pembe, hadi usikie kwa kidole kwamba upande wa pili umeota ukingo mkwaruzo, kama uzi mwembamba wa chuma. Kidole kipite toka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe kisiende sambamba nayo. Uzi huo ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Ukiusikia urefu wote, geuza, fanya upande wa pili hadi uhamie huku. Ukiacha kabla hujausikia, umeng'arisha chuma tu, hujanoa. Baada ya hapo punguza nguvu, badilisha upande kila mkwaruzo mmoja, nyepesi kabisa, mpaka uzi uishe. Malizia kwenye ngozi: mkanda wa zamani uliolazwa mezani unatosha, ukivuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Ukivuta makali yakitangulia utakata ngozi.

Jaribu kwenye karatasi. Kama inakatwa bila kuchanika, acha. Mikanda ya plastiki haihitaji wembe wa kunyolea, na makali membamba kupita kiasi yatalala mapema kwenye kadibodi, maana kadibodi ina vumbi na mchanga ndani yake na inakula makali kuliko mbao.

Kwenye kiungo, pale penye pini, vumbi la boksi na nyuzi za mfuko hujikusanya. Ukiona bapa linaanza kusuasua, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni huku ukikifungua na kukifunga ndani ya maji, kikaushe vizuri sana, kisha tone moja la mafuta mepesi ya madini pande zote za pini. Kama utakata nacho tunda, tafuta yale ya daraja la chakula. Mafuta ya kupikia usitie, yanaganda na kunata. Siku za kwanza mafuta yatatoka meusi. Ni unga wa chuma kutoka kiwandani na kwenye kusuguana, futa na uendelee hadi yatoke safi.

MjukuuWaBabu

Samahani kwa kuingilia. Nimerithi kisu cha namna hii, cha zamani sana. Hakifunguki, kimekaza. Mpini ni wa plastiki ya njano inayopitisha mwanga kidogo, na kwenye ncha moja umeanza kupasukapasuka. Ajabu ni kwamba visu vingine vilivyokuwa naye kwenye boksi moja navyo vimeshika kutu, na boksi lilikuwa kavu. Nikifungue kwa koleo?

MamaKitalu

Weka koleo chini kwanza, na kitoe kisu hicho ndani ya boksi leo hii. Kwa maelezo yako mpini unaelekea kuwa selulosi ya nitrati, ile seluloidi iliyotumika sana kwenye mipini ya zamani. Ikizeeka huoza taratibu na kutoa gesi yenye asidi, na gesi hiyo ndiyo inayokula vyuma vya jirani hata kukiwa kukavu. Kiweke peke yake mahali penye hewa, na mbali na moto, maana huwaka kwa kasi ya kutisha. Vile vingine vifute kwa mafuta.

Kukifungua, dondosha mafuta mepesi kwenye kiungo, simamisha kisu kichwa chini na ukiache siku nzima, rudia. Mafuta yakishaingia, funika bapa kwa kipande cha ngozi, livute polepole na uliache lirudi, tena na tena, likiongezeka kidogo kila mara. Ukilazimisha mara moja utavunja springi, na springi ya kisu kilichofungwa kwa ribiti haibadilishwi bila kukibomoa chote. Usikiache kikiwa nusu wazi, hapo ndipo springi imekazwa kuliko wakati wowote.

Likifunguka, angalia makali. Kama kuna kipengo kimoja kilichopo mahali springi inapovimba kwa ndani, ujue makali yanaipiga springi kila kisu kikifungwa, kwa sababu kitako kimelika. Kuanzia hapo kifunge kwa kukisindikiza kwa mkono, kisijipige. Baadhi ya visu vya mtindo wa Laguiole, vya Kifaransa, hufungwa hivyo hata vikiwa vipya.

Kisha soma mhuri kwenye kitako cha bapa na utuandikie kilichopo, pamoja na alama ndogo zinazouzunguka. Kama ni Case, kampuni ya visu ya Marekani, hesabu nukta zilizo chini ya jina: walianza mwaka 1970 kwa nukta 10 na wakawa wanaondoa moja kila mwaka, kwa hiyo nukta 7 ni kisu cha 1973. Kama hakina nukta kabisa, piga picha ya mhuri karibu na dirisha, mwanga ukiupiga kwa pembeni, herufi zilizofifia zitaonekana.